Mpiga Solo Aliyechukia Mvumo

Usiniulize alizaliwa wapi wala ni mtoto wa nani. Mambo ya koo waachie wazee wa mahari. Mimi nilimjua mpiga solo akiwa tayari mpiga solo, na jina lake sitalitaja, kwanza kwa sababu hata kwenye bendi hatukulitumia, pili kwa sababu limeshatajwa vibaya sana na watu wasiomjua. Niliimba nyuma ya gitaa lake toka nikiwa binti mwembamba mpaka nikawa mama wa kufunga kitambaa kichwani. Sasa nina mgahawa wangu hapa Bariadi, karibu na stendi, na bado kuna wateja wanaomaliza wali wao, wananisogelea na kuniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli yule mtu aliua. Nawaambia wanywe chai yao waondoke.

Wanafunzi wa chuo walituita bendi ya roki. Wazee walituita wapiga kelele. Wote walikuja. Yeye alikuwa anachukua nyimbo za kulimia pamba, zile ambazo bibi yangu aliziimba jembe likiwa mkononi, anazitia umeme, anazikimbiza mpaka unaona watu wazima wanashika vichwa. Vidole vyake vilikuwa vifupi na vinene, na ukimwona anamega ugali usingedhani vinaweza kazi nyingine. Lakini akishika shingo ya gitaa, jamani! Wapiga gitaa walitoka Mwanza na Shinyanga wakijifanya wamekuja kusalimia ndugu, kumbe wamekuja kuuangalia mkono wake wa kushoto. Akiwaona tu, anawageuzia mgongo, anapiga akiwa ameangalia spika. Roho mbaya hiyo alikuwa nayo, sitamfichia.

Watu walisifu vidole, lakini waliokaa naye tunajua yalikuwa masikio. Siku moja tulikuwa harusini Bukundi, watu wamechangamka, bi harusi mwenyewe kavua viatu anacheza, mpiga solo akainua mkono bendi nzima ikanyamaza. Akaenda kwa mpiga besi, akakaza uzi mmoja kidogo tu, akarudi mahali pake, tukaendelea. Hakuna binadamu pale aliyekuwa amesikia kasoro. Mpiga besi alinuna njia nzima ya kurudi. Dukani alikuwa hanywi soda mpaka friji lizimwe, kwa sababu friji linavuma, na mvumo alikuwa anauchukia kuliko njaa. Mwenye duka, alhaji mmoja mpole, alikuwa analizima kweli, na ikitokea limezimwa muda mrefu anamuuzia soda ya moto. Anainywa hivyo hivyo, ameridhika. Sauti yenye mvumo chini yake, alikuwa anatuambia, ni mlenda wenye mchanga. Utaumeza, ila utajua umemeza nini.

Shingoni alivaa kifuko cheusi cha ngozi ya mbuzi, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Ndani nimeona kwa macho yangu: ni vipande vya dumu la mafuta ya kula, amevikata kwa wembe, vya kuchapia nyuzi. Basi. Hakuna mzizi, hakuna unga, hakuna kucha ya mnyama. Lakini aliona watu wanakiogopa, akawaacha waogope. Akitaka kuanza wimbo anakigusa polepole, anafumba macho, na umati mzima unatulia. Nilimwambia anacheza na moto. Akacheka, akasema watu hawawezi kutembea kutoka vijijini kuja kuangalia dumu. Na huyo huyo Jumapili yuko kanisani Katoliki, benchi la mbele, anaimba besi bila kitabu. Paroko alimwita akamuuliza kuhusu kifuko, akakifungua akamwonyesha. Paroko naye akacheka, akamwambia awaonyeshe na watu wengine. Hakuwaonyesha.

Wewe usiye wa huku lazima nikueleze jinsi tunavyoshindana, bila hivyo hutaelewa kilichotokea. Kwetu ngoma hazichezwi kwa zamu. Toka enzi za Wagika na Wagalu, vile vyama vyetu viwili vya ngoma, pande mbili zinawekwa kwenye kiwanja kimoja, zinaanza pamoja, na watu wanakwenda wanakotaka. Jua likishuka, mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Sisi wa magitaa tukarithi hivyo hivyo. Pamba ikishauzwa, bendi mbili zinakutana, kila moja mwisho wake wa kiwanja, zinapiga kwa wakati mmoja mchana kutwa. Jenereta ni moja, inakaa katikati, ili asitokee mtu wa kusema alikatiwa umeme. Na kabla ya kuanza, kila bendi inamwaga maji ya dawa pale itakaposimama. Vumbi linalala, dawa inaingia ardhini, na wanabendi wanapanda juu yake miguu mitupu, kwa sababu kiatu kinazuia dawa. Mimi peke yangu nilikuwa napanda na kandambili. Nimelelewa kilokole, maji ya mganga sikanyagi. Wakanitania kwamba malaika watanitambua kwa kandambili zangu. Niliwaacha wacheke.

Miguu kwenye matope, umeme mkononi. Leo nikikaa nikafikiria, mwili unanisisimka. Maana vyombo vyetu vilikuwa vinauma. Maikrofoni ikigusa mdomo inakuchoma, nyuzi za gitaa zinakutetemesha mpaka kwenye kiwiko, na mpiga kinanda aliwahi kurushwa akaangukia ngoma. Mpiga solo akimwona mtu ameumwa anatabasamu, anasema, "Vimeamka." Neno lake hilo. Tukalizoea, tukaliamini, tukafika mahali ambapo chombo kisipouma tunaingiwa na wasiwasi kwamba dawa haijashika. Watu wazima, wenye watoto.

Nyaya alikuwa anazifunga mwenyewe. Za kwetu, za jenereta, hata za wale tunaoshindana nao, na mtu mwingine akisogelea na bisibisi anafukuzwa kama kuku. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu akifunga yeye sauti inatoka safi kabisa, pande zote mbili. Alitaka hata mpinzani asikike vizuri. Hilo nalo lilikuwa ndani yake, pamoja na ile roho mbaya. Alisema hataki kumshinda mtu mwenye sauti chafu, hiyo si sifa. Na usafi ule wa sauti, watu wakasema ndiyo dawa yenyewe.

Siku yenyewe tulikuwa upande wa Mwamanyili. Wapinzani wetu walikuwa vijana wa kule kule, na mwimbaji wao alikuwa mrefu, mcheshi, wa kupendwa na kila mtu. Asubuhi alikuja kwetu akanipa salamu ya mwangaluka, akaniita mayu, yaani mama, akainamisha kichwa kama mtoto wa nyumbani, akaomba nimwazime kitambaa cha kufutia jasho. Nikampa. Aliniambia kwamba wenzake wanamwogopa sana mpiga solo wetu na kifuko chake, na kwamba mganga wao amesema wamwage maji mengi kuliko siku zote. Kweli walimwaga. Walileta pipa, wakaleta jingine, mpaka mahali pao pakawa kama jaruba la mpunga. Tulicheka sana kwetu.

Mchana wakawa wanatushinda. Niseme ukweli, yule kijana alikuwa anaimba, na umati ulikuwa unatutoka kidogo kidogo unakwenda kwake. Mpiga solo akagusa kifuko, akafumba macho, akaanza solo ndefu ambayo sijawahi kuisikia kabla ya hapo wala baada. Upande wa pili nikasikia wimbo umekatika katikati ya neno. Kijana alikuwa ameishika maikrofoni kwa mikono miwili, mgongo umejikunja, na watu wake wakapiga vigelegele. Walidhani ni staili. Walipiga vigelegele muda wote ule, na wetu huku anapiga, hajafumbua macho, mpaka mtu mmoja alipokimbilia jenereta akaizima. Ndipo mikono ikaachia.

Umati haukuangalia kule alikolala kijana. Uligeuka ukatuangalia sisi. Nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka kwa mpiga solo na niliona macho yote yale yakitua shingoni mwake, na niliogopa kama sijawahi kuogopa. Yeye alikuwa bado amelikumbatia gitaa. Mtu alianza kurudi nyuma, wakafuata wengine, kiwanja kikabaki kitupu bila mtu yeyote kupiga kelele.

Kijana hakuamka tena. Hospitali walisema ni umeme, na watu wakakubali kwamba ni umeme. Lakini umeme gani huo, wakauliza, unaoipita bendi nzima iliyosimama majini na kumchagua mmoja? Kwa nini mwimbaji? Kwa nini saa ile ile anapoelekea kushinda? Wakalipatia jina: umeme wa kutumwa. Kwetu ukiitwa mchawi hujatukanwa, umehukumiwa, kilichobaki ni siku. Wazee wamekufa kwa neno hilo, na wengine hawakuwa na kosa zaidi ya macho mekundu ya moshi wa jikoni.

Msimu uliofuata tulijaza viwanja kuliko wakati wowote, na niliuchukia kila uwanja. Hawakuja kucheza. Walisimama mbali, wamewashika watoto mikono, wanamwangalia. Hakuna bendi iliyokubali kupambana naye. Anunuapo nyanya sokoni, muuzaji anaziweka chini ili mikono isigusane. Asubuhi moja mke wake alikuta mlango umechorwa msalaba wa mkaa, akaufuta. Ulipochorwa tena alifunga mizigo akarudi kwao, na sikumlaumu. Bendi ikavunjika bila mkutano. Kilichonichoma mimi ni kwamba mwenyewe hakuwahi kukana. Nilimwomba afungue kifuko mbele ya watu, aseme ni dumu, yaishe. Anakirudisha ndani ya shati. Mtu akimwita mchawi anainamisha kichwa, kana kwamba ameitwa jina lake. Mwisho akauza vyombo, akahamia Kimali kuchunga ng'ombe wachache, na nikawa napata habari zake kwa wafanyabiashara wa mifugo.

Mwaka huu, wiki za mwisho za kuuza pamba, mfanyabiashara mmoja akaniambia akiwa anakula kwamba kuna vijana wametoka upande wa Mwamanyili wanaulizia Kimali anakaa wapi mtu mmoja aliyekuwa anapiga gitaa. Anayewaongoza ni mdogo wake marehemu. Nilizima jiko, nikamwachia jirani funguo. Nilipanda basi hadi Mwanhuzi, na pale nikachukua bodaboda.

Nilimkuta anakarabati boma la miba. Amekonda, nywele nyeupe, lakini kabla hajanisalimia alimwambia dereva kwamba pikipiki yake inagonga ndani, upande wa kulia, itamwangusha. Dereva akashangaa, akasema fundi amemwambia hivyo hivyo jana. Basi nikajua ni yeye yule yule, na nikaona hasira na huruma vinanipanda pamoja. Nilimweleza nilichosikia. Alisema anajua, majirani wameshaacha kumpa hata salamu ya mwadila. Nikamwambia apande, twende Bariadi, atalala stoo kwangu mpaka mambo yapoe. Akakataa. Nikamwambia basi aseme, hata kwa mwenyekiti wa kijiji, kwamba hakuwahi kuwa na dawa na kijana aliuawa na umeme kama umeme mwingine.

"Si umeme kama umeme mwingine," akasema. "Kuna waya wa ardhi, ule wa kijani na njano. Ndio unaochukua umeme uliopotea na kuupeleka chini. Bendi mbili zikiwa kwenye jenereta moja, ule waya unaleta mvumo. Nilikuwa naukata. Kila kiwanja, mayu. Na siku ile niliukata."

Nilikaa kwenye gogo. Miaka yote tuliyoumwa, tukaambiwa vimeamka, kumbe ni hilo. Nilimuuliza kama alijua umeme huo uliopotea unaua. Alisema alijua unauma, hakutaka kujua zaidi. Nikamuuliza kwa nini basi amekubali kuitwa mchawi, jina la kuuawa, wakati lake ni kosa la fundi. Alichomeka mwiba mmoja kwenye boma.

"Mama yake yupo hai," akasema. "Sasa hivi anajua mwanawe aliuawa na adui mkubwa. Nikisema, atajua aliuawa kwa sababu mimi sikupenda kelele. Nani atambebea hilo?"

Nilimwambia huo ni upumbavu na kiburi vimechanganyika, nikamwambia mengine ambayo siyaandiki, nikaondoka nalia kwa hasira. Tulipofika karibu na barabara kubwa tukawakuta. Walikuwa vijana watano au sita, kwa miguu, wana fimbo, na wa mbele sikuhitaji kuambiwa ni nani, alikuwa na urefu ule ule na shingo ile ile. Walinisalimia kwa adabu zote. Wakaniuliza, "Mama, yule mzee wa gitaa tutamkuta?" Wangetukana ningejua la kufanya. Adabu ile ndiyo iliyonitisha. Nikashuka kwenye pikipiki, nikawaambia habari ya waya, ya jenereta, na jinsi alivyokuwa anaukata. Nilidhani mtu hapigwi fimbo kwa ajili ya waya. Ningekuwa pale leo ningesema tena, kwa sababu nilitaka aishi.

Yule kijana alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo ni kweli ni yeye," akasema, akanishukuru, wakashika njia.

Nilimwambia dereva ageuze. Tulipita mashambani, pikipiki inagonga kweli kama alivyosema, tukafika kabla yao. Nilimwambia mpiga solo nimewaambia habari ya waya na apande haraka. Hakunikasirikia. Aliuliza kitu kimoja tu, kama nimewaambia pia kwa nini aliukata. Nikasema hapana, sikupata mdomo wa kulisema hilo.

"Basi hilo nitalisema mwenyewe," akasema, akaenda kunawa uso. Nikamwambia dereva azime pikipiki, nami nikasimama karibu yake.

Walipofika hawakukaa. Mdogo wa marehemu alimuuliza kama ni yeye aliyekata. Akajibu ni yeye. Akaeleza polepole, bila kujitetea, mpaka kwenye kifuko na dumu, na kwamba hakujawahi kuwa na dawa yoyote. Akaeleza mvumo ni nini, na kwamba alikuwa hawezi kupiga ukiwepo. Majirani walikuwa wameshaanza kujikusanya kwa mbali. Vijana wawili walikuwa wamezishika fimbo kwa mikono miwili, wanamtazama mdogo wa marehemu, wanasubiri.

"Ulikuwa mkubwa, huo mvumo?" mdogo wa marehemu akauliza.

"Mdogo sana. Nilikuwa nausikia mimi peke yangu."

Kijana alisogea hatua moja. Midomo yake ilikuwa inacheza, nikadhani sasa atatoa amri, nikashika mkono wa mpiga solo.

"Afadhali ungekuwa mchawi," akasema.

Aligeuka, wenzake wakamfuata, wakarudi na njia waliyokuja nayo. Mpiga solo alibaki amesimama pale pale, na nilipotaka kumketisha nilikuta magoti yake yamekaza kabisa.